Kasi ya kipokezi na kasi ya kamera: uchambuzi wa kisa cha vyumba vya utando wa seli

Kisa hiki kinahusu vipimo viwili ambavyo vilipaswa kulingana na havikulingana. Fosfolipidi, yaani molekuli ya mafuta inayojenga utando wa kila seli, ikichunguzwa ndani ya utando bandia uliotengenezwa maabara, huhama kwa kasi ambayo wanafizikia waliitarajia. Molekuli ya aina ileile ikichunguzwa katika utando wa seli iliyo hai, kasi yake hushuka mara 5 hadi mara 100, kutegemea seli na kipimo. Protini zilizopenya utando zina upungufu wa namna hiyohiyo. Upungufu huo ulijulikana tangu miaka ya 1970, ukapimwa tena na tena, na kwa takriban miaka 25 haukupata maelezo yaliyokubalika. Maelezo yenye nguvu kuliko yote yaliyotolewa hadi sasa yalitoka kwa kundi la Akihiro Kusumi nchini Japani, na kwa maoni yangu yalipatikana hasa kwa sababu kundi hilo lilipiga picha kwa haraka kuliko wengi walivyoona kuwa kuna haja.

Ili uzito wa tatizo uonekane, ni lazima tuanze na picha ya utando iliyokuwa imeenea wakati huo. Mwaka 1970, L. D. Frye na Michael Edidin waliunganisha seli za binadamu na seli za panya kwa msaada wa virusi vya Sendai, wakazitia alama protini za uso wa kila upande kwa kingamwili zenye rangi tofauti, kisha wakazitazama kwa hadubini. Mwanzoni seli iliyounganishwa ilikuwa na nusu ya rangi moja na nusu ya rangi nyingine. Baada ya dakika 40 hivi katika nyuzi 37 za Selsiasi rangi hizo zilikuwa zimechanganyika, na katika baridi ya kutosha hazikuchanganyika. Miaka miwili baadaye S. J. Singer na Garth Nicolson walitangaza modeli ambayo vitabu vya shule vinaifuata hadi leo: utando ni kimiminika cha tabaka mbili za lipidi, na protini zinaelea ndani yake.

Modeli hiyo ni sahihi katika jambo lake kuu. Hata hivyo kimiminika kina mnato unaopimika, na mwaka 1975 Philip Saffman na Max Delbrück walitoa mlinganyo unaokadiria kasi ya protini inayoelea katika tabaka jembamba la namna hiyo. Jambo la kushangaza katika mlinganyo wao ni kwamba unene wa protini hauna athari kubwa: protini iliyo nene mara mbili ya nyingine hupungua kasi kidogo tu. Kwa hiyo haikutosha kusema kwamba protini za seli hai ni kubwa au zimeshikana mbili mbili. Kama mlinganyo ni sahihi, na katika utando bandia ulielekea kuwa sahihi, basi kuna kitu kingine ndani ya seli kinachozuia mwendo.

Njia kuu ya kupima mwendo huo iliwekewa misingi ya kihesabu mwaka 1976 na Daniel Axelrod, Watt Webb na wenzao. Mtafiti hutia molekuli za utando rangi inayong'aa, huelekeza mwale mkali wa leza kwenye doa dogo ili rangi ya hapo ife, kisha hupima muda ambao molekuli zenye rangi kutoka pembeni huchukua kuingia na kulifanya doa ling'ae upya. Ni mbinu nzuri, inarudiwa kwa urahisi, na bado inatumika katika maabara nyingi. Udhaifu wake kwa kisa hiki ni kwamba doa lenye upana wa maikromita moja hivi hubeba umati wa molekuli, na kinachosomwa ni wastani wa umati huo. Mtu akiambiwa kwamba daladala imetumia saa mbili kutoka Mbagala hadi Kariakoo, hawezi kujua kama injini ni mbovu au kama gari lilikimbia vizuri na kukwama katika kila kituo. Upungufu wa kasi katika seli ulikuwa na maelezo mawili ya aina hiyo: ama utando wa seli hai ni mzito kila mahali, ama ni mwepesi lakini una vizuizi. Wastani peke yake hauwezi kuyatenganisha.

Kipokezi kimoja kimoja

Kuyatenganisha kulihitaji kufuata molekuli moja moja, na hapo nuru yenyewe huweka sharti. Hadubini ya nuru haiwezi kutofautisha vitu viwili vilivyokaribiana kwa umbali ulio chini ya nusu ya urefu wa wimbi hivi, yaani takriban nanomita 200 hadi 250 kwa nuru inayoonekana. Ernst Abbe alilieleza jambo hilo tangu 1873. Sharti hilo, hata hivyo, linahusu kutofautisha vitu viwili. Kitu kimoja kilicho peke yake huonekana kama doa lililofifia pembezoni, na kitovu cha doa hilo kinaweza kukadiriwa kwa usahihi unaozidi sana upana wa doa lenyewe, mradi nuru inayokusanywa inatosha. Ufuatiliaji wote wa molekuli moja moja umejengwa juu ya tofauti hiyo. Msomaji anayetaka kuhukumu kisa hiki anapaswa kukumbuka matokeo yake ya kiutendaji: usahihi wa mahali hugharimu nuru, na kukusanya nuru hugharimu muda.

Mwaka 1994 Yasushi Sako na Kusumi walichapisha ufuatiliaji wa vipokezi viwili katika seli za figo la panya ziitwazo NRK. Kimoja kilikuwa kipokezi cha transferini, protini inayopenya utando na kazi yake ni kuishika transferini iliyobeba madini ya chuma ili seli iyaingize ndani. Waliunganisha chembe ndogo za dhahabu na transferini, chembe zikajishika kwenye vipokezi, na hadubini ya video yenye kuongeza utofauti wa mwanga na giza ikafuata kila chembe. Dhahabu ilichaguliwa kwa sababu hutawanya nuru kwa nguvu na, tofauti na rangi inayong'aa, haifi kwa kumulikwa. Usahihi wa mahali ulifikia nanomita 1.8, na kila picha ilichukua milisekunde 33, ambayo ni kasi ya kawaida ya video.

Njia zilizochorwa na chembe hizo hazikufanana na mwendo huru. Kipokezi kilizunguka ovyo ndani ya eneo la takriban maikromita 0.25 za mraba, kikakaa humo kwa wastani wa sekunde 29 hivi, kisha kikaruka hadi eneo la jirani na kuanza upya. Ndani ya eneo kasi yake ilikuwa ileile inayotarajiwa kwa protini inayoelea kwa uhuru. Kwa safari ndefu, iliyopita maeneo mengi, kasi ilishuka takriban mara 40. Watafiti walipokivunja kwa sehemu kiunzi cha seli, yaani mtandao wa nyuzi za protini ulio chini ya utando, mwendo wa kufungiwa ulipungua na mwendo huru ukaongezeka. Walipendekeza kwamba nyuzi za kiunzi zinazopita karibu sana na uso wa ndani wa utando huzuia sehemu ya kipokezi inayoning'inia upande wa ndani, na wakauita mpangilio huo uzio.

Pendekezo hilo lilikuwa na mshindani wa kweli. Kipokezi kinachozunguka mahali pamoja kinaweza kuwa kimezungushiwa uzio, lakini pia kinaweza kuwa kimefungwa kamba kwenye kiunzi, kikazunguka hadi kamba inapoishia. Njia zilizochorwa peke yake hazitofautishi mambo hayo mawili vizuri. Mwaka uliofuata, 1995, Sako na Kusumi walilishughulikia swali hilo kwa koleo la leza, yaani mwale uliokusanywa ambao unaweza kuishika chembe na kuiburuta. Takriban asilimia 90 ya vipokezi vilivyokuwa na chembe za dhahabu viliweza kuburutwa kuvuka mipaka kwa nguvu ya pikonyutoni 0.25. Nguvu iliposhushwa hadi kati ya pikonyutoni 0.05 na 0.1, chembe zilichomoka kwenye koleo zilipofika mpakani, na zikarudi nyuma kidogo kana kwamba mpaka ni kitu chenye mnyumbuko. Kipokezi kilichofungwa kamba kisingeachiliwa kuendelea mbele mpaka baada ya mpaka. Asilimia 10 hivi zilizobaki zilikwenda polepole zaidi na zilionekana kweli zimeshikwa, kwa hiyo mshindani hakufutwa kabisa. Alipewa sehemu yake ndogo.

Naliona jaribio la koleo kuwa ndilo lililofikiriwa vizuri kuliko yote katika sehemu hii ya kisa, kwa kuwa lilitengenezwa ili liweze kumwangusha mtengenezaji wake. Kuna jambo lake jingine ambalo wasomaji wengi hulipita. Watafiti walitumia pia chembe za plastiki zenye upana wa nanomita 210, zaidi ya mara tano ya zile za dhahabu zenye nanomita 40, na mwendo wa kipokezi haukubadilika sana. Kwa kuwa chembe zote zilikaa nje ya seli, kizuizi kingekuwa nje, chembe kubwa ingekwama zaidi. Haikukwama zaidi, kwa hiyo kizuizi kilipaswa kutafutwa ndani.

Mikrosekunde 25

Hadi hapo modeli ya uzio ilieleza protini, si lipidi. Fosfolipidi ya tabaka la nje la utando haina mkia wowote unaofika upande wa ndani, na nyuzi za kiunzi haziwezi kuigusa. Kama lipidi hizo nazo zilikuwa zinakwenda polepole, na zilikuwa, basi ama uzio si maelezo ya upungufu wote, ama kuna kiungo kilichokosekana.

Mwaka 2002 Takahiro Fujiwara, Ken Ritchie, Hideji Murakoshi, Ken Jacobson na Kusumi walichapisha matokeo ya kufuata fosfolipidi katika seli zilezile za NRK. Chembe ya dhahabu ya nanomita 40 ilifunikwa kwa vipande vya kingamwili vinavyoshika rangi ya fluoreseini, na rangi hiyo iliunganishwa na fosfolipidi. Tofauti kubwa ilikuwa kamera. Kila picha ilichukua mikrosekunde 25, yaani picha 40,000 kwa sekunde, zaidi ya mara elfu moja ya kasi ya video.

Walichokiona ni kwamba fosfolipidi hukaa ndani ya vyumba vyenye upana wa nanomita 230 kwa wastani wa milisekunde 11, kisha huruka hadi chumba cha jirani. Vyumba hivyo vimo ndani ya vyumba vikubwa zaidi, vya nanomita 750, ambamo molekuli hukaa kwa wastani wa sekunde 0.33. Ndani ya chumba kidogo kiwango cha difusheni, yaani cha kusambaa kwa mwendo wa ovyo, kilikuwa maikromita 5.4 za mraba kwa sekunde, karibu sawa na kile cha utando bandia. Utando wa seli hai, kwa maneno mengine, si mzito kuliko utando wa maabara. Una mipaka.

Inafaa kuzifanyia hesabu takwimu hizo, kwa sababu hesabu yenyewe ndiyo inayoonyesha kwa nini jambo hili lilijificha. Katika mwendo wa ovyo kwenye uso bapa, wastani wa mraba wa umbali ni mara nne ya kiwango cha difusheni ukizidishwa kwa muda. Kwa kiwango cha 5.4, molekuli huenda takriban nanomita 23 katika mikrosekunde 25, ambayo ni sehemu ya kumi ya upana wa chumba; kamera hiyo, basi, huiona molekuli ikitembea ndani ya chumba hatua kwa hatua na kupata picha zipatazo 440 kabla haijatoka. Kamera ya video, kwa milisekunde zake 33, hupata picha moja katika muda ambao molekuli kwa wastani imekwisha kubadilisha chumba mara tatu. Katika picha za aina hiyo kila kituo kimefutwa, kila mruko umefutwa, na kinachobaki ni mwendo unaoonekana huru kabisa, ila wa polepole. Mtafiti mwangalifu, mwenye vifaa vizuri, ambaye hakukosea popote, angeandika kwamba fosfolipidi ina difusheni ya kawaida na kwamba utando ni mzito.

Hesabu ya pili nayo ina faida. Molekuli yenye kiwango cha 5.4 ingehitaji milisekunde 2.4 hivi kupita eneo la chumba kama mpaka usingekuwapo, lakini ilichukua 11. Mpaka, basi, si ukuta. Huichelewesha lipidi takriban mara nne na nusu, na kiwango cha safari ya vyumba vingi hushuka hadi 1.2. Ukichukua vyumba vikubwa, nanomita 750 kwa sekunde 0.33, unapata takriban 0.43, ambayo ni pungufu mara 13 hivi ya kasi ya ndani. Upungufu wa mara 5 hadi 100 ulioandikwa kwa miaka 25 unaanza kupata sura: si kiwango kimoja kilichopimwa vibaya na watu tofauti, bali viwango kadhaa vya kweli vilivyopimwa kwa saa zenye kasi tofauti. Ndiyo sababu ninashikilia kwamba kiwango cha difusheni katika seli kikitajwa bila kutajwa muda wa picha hakiwezi kulinganishwa na kingine chochote, na ni ajabu kwamba makala nyingi bado hukiweka kwenye jedwali kana kwamba ni sifa ya molekuli kama ulivyo uzito wake.

Watafiti hawakuishia kwenye picha. Walihitaji kwanza kuonyesha kwamba dhahabu haikutengeneza mwendo waliouona, kwa sababu chembe yenye vipande vingi vya kingamwili inaweza kushika lipidi kadhaa kwa pamoja na kuzipunguza kasi. Walifuata fosfolipidi hiyohiyo ikiwa na molekuli moja tu ya rangi ya Cy3, kwa kasi ya polepole ambayo rangi inaruhusu, na kuilinganisha na ile ya dhahabu kwa muda uleule. Ulinganisho huo ni wa lazima, lakini una mpaka wake: unathibitisha kwamba dhahabu haibadilishi mwendo wa muda mrefu, hauthibitishi moja kwa moja kwamba haibadilishi mwendo wa mikrosekunde. Tutaona kwamba wapinzani waliingilia hapohapo.

Kisha waliondoa visababishi kimoja baada ya kingine. Kuondoa vitu vilivyo nje ya seli, pamoja na sehemu za nje za protini za utando, hakukuvunja vyumba. Kupunguza kolesteroli, ambayo inahusishwa na vijipande vya utando vinavyoitwa rafu za lipidi, hakukuvivunja pia. Dawa zinazogusa nyuzi za aktini, protini inayojenga nyuzi za kiunzi, zilivibadilisha. Mahali ambapo utando ulivimba kama kiputo na kuachana na kiunzi chake, mwendo wa lipidi ulikuwa huru. Orodha hiyo inaelekeza upande mmoja tu: vyumba vinategemea kiunzi cha aktini kilicho chini ya utando.

Bado lipidi ya nje haiwezi kugusa aktini ya ndani. Kiungo walichokipendekeza ni nguzo. Baadhi ya protini zinazopenya utando kutoka ndani hadi nje zimefungwa kwenye nyuzi za aktini, na kwa kuwa haziendi popote, zinasimama mstari mmoja kufuata nyuzi hizo. Lipidi ya tabaka lolote inayokaribia mstari huo hukutana na nguzo zenyewe, na zaidi ya hapo hukutana na lipidi zilizopunguzwa kasi kwa kuwa karibu na kitu kisichosogea, kwa maana mnato huenea kutoka kwenye nguzo hadi majirani zake. Si lazima nguzo zijaze mpaka wote. Katika maigizo ya kompyuta ilitosha zifunike sehemu ndogo tu.

Waliokataa, na walichokikataa

Upinzani ulikuwa wa aina mbili, na haifai kuuchanganya. Wa kwanza ni wa takwimu. Michael Saxton alikuwa ameonyesha tangu miaka ya 1990 kwamba mwendo wa ovyo ulio huru kabisa, ukitazamwa kwa muda mfupi, mara nyingine huonekana kana kwamba umefungiwa mahali, kwa bahati tu. Jicho la binadamu ni shahidi mbaya wa njia za ovyo. Huona vyumba kwa urahisi mno. Kwa hiyo kila dai la chumba lazima lilinganishwe na njia za kubuni zisizo na chumba chochote, na makundi yasiyofanya hivyo hayapaswi kusomwa kwa uzito uleule.

Wa pili ni wa mbinu. Mwaka 2007 Stefan Wieser, Gerhard Schütz na wenzao nchini Austria walisema wazi kwamba modeli nzima inategemea mkakati mmoja wa majaribio, yaani chembe kubwa na kamera ya haraka, na wakaamua kuijaribu kwa njia nyingine. Walifuata CD59, protini iliyoshikizwa kwenye tabaka la nje kwa nanga ya lipidi, katika seli za T24, wakitumia vipande vya kingamwili vyenye rangi badala ya dhahabu, kwa muda wa milisekunde na usahihi wa mahali uliofikia nanomita 22. Hawakuona miruko. Matokeo hayo yamewahi kutajwa kana kwamba yaliiangusha modeli, na huko ni kuyasoma kwa pupa. Wenyewe walitoa kikomo cha juu: kama vyumba vipo katika seli hizo, haviwezi kuzidi ukubwa fulani na mipaka yake haiwezi kuzidi nguvu fulani. Tayari mwaka 2004 kundi la Kusumi, katika makala iliyoongozwa na Kotono Murase, lilikuwa limeonyesha kwamba ukubwa wa vyumba hutofautiana kati ya aina za seli, kuanzia nanomita 30 hivi hadi 230. Chumba kidogo huachwa haraka, na chombo cha milisekunde hakitakiona. Pande hizo mbili zilikuwa zinapingana kidogo kuliko sauti zao zilivyoonyesha.

Jibu la kuridhisha zaidi lilitoka nje ya kundi la Kusumi. Mwaka 2015 Débora Andrade, Christian Eggeling na wenzao walitumia hadubini ya STED, ambayo hulizima kwa leza ya pili pete inayozunguka kitovu cha doa linalong'aa ili doa libaki dogo hadi nanomita 40, na ndani ya doa hilo wakapima kupanda na kushuka kwa mng'ao kila lipidi yenye rangi inapokatiza. Hapa hakuna dhahabu wala njia inayochorwa kwa jicho. Kuna swali moja tu, kwamba muda wa kukatiza doa unabadilikaje doa linapopunguzwa. Katika mwendo huru, muda hupungua sambamba na eneo la doa na kiwango cha difusheni hakibadiliki. Katika mwendo wa vyumba, kiwango huonekana kupanda doa linapokuwa dogo kuliko chumba. Katika seli za NRK kilipanda, na upandaji huo ulitegemea Arp2/3, mkusanyiko wa protini unaoanzisha matawi mapya ya aktini.

Seli zilizoleta ubishi zaidi zilikuwa PtK2, za figo la potoroo, mnyama wa Australia, ambazo kundi la Eggeling lilikuwa limezitumia mwaka 2009 na kuona fosfolipidi ya kawaida ikienda kwa uhuru hata katika doa dogo kabisa walilokuwa nalo, ilhali sfingolipidi, aina nyingine ya lipidi za utando, zilinaswa kwa muda mfupi katika sehemu zisizofikia nanomita 20. Fujiwara na wenzake walizirudia seli hizo kwa kamera ya haraka mwaka 2016. Waliona miruko ya fosfolipidi na ya kipokezi cha transferini, na katika aina zote tano za seli walizozipima ukubwa wa vyumba ulikuwa sawa kwa molekuli hizo mbili. Walipozitazama seli za PtK2 kwa tomografia ya elektroni, yaani picha za pande tatu zinazotengenezwa kwa hadubini ya elektroni, walikuta kiunzi cha aktini ndani ya nanomita 8.8 kutoka uso wa ndani wa utando, na ukubwa wa matundu ya mtandao wake ulilingana na ukubwa wa vyumba. Naona huo ndio ushahidi mzito kuliko wote katika kisa hiki, kwa kuwa kipimo cha mwendo na kipimo cha umbo, vilivyopatikana kwa vyombo visivyohusiana, vilitoa jibu moja.

Ukisoma tena matokeo ya mwaka 1994 ukiwa na haya mkononi, sekunde 29 zinaonekana ndefu mno. Nadhani sehemu ya urefu huo ni ya chembe yenyewe: dhahabu iliyofunikwa kwa transferini inaweza kushika vipokezi zaidi ya kimoja, na kitu chenye mikia mingi ndani ya seli huvuka uzio kwa shida kuliko chenye mikia michache. Makala ya 2016 yalionyesha kwamba unene wa molekuli na ukubwa wa sehemu yake ya ndani vyote hugusa idadi ya miruko, jambo linaloafikiana na dhana hiyo. Hili halilivunji dai la mwaka 1994 kuhusu kuwapo kwa vyumba. Linaondoa tu nambari moja ambayo bado hunakiliwa kana kwamba ni ya kipokezi peke yake.

Suala la dhahabu lilipata jibu la moja kwa moja mwaka 2023, kundi hilohilo lilipotangaza kamera iliyoweza kufuata molekuli moja ya Cy3 kwa mikrosekunde 33 na usahihi wa nanomita 34, au kwa mikrosekunde 100 na usahihi wa nanomita 20. Miruko ilionekana bila dhahabu. Zaidi ya hapo ilionekana hata upande wa chini wa seli, ule unaogusa kioo, ambako chembe za dhahabu hazikuwa zikifaa. Kikomo cha sasa si kamera tena. Ni idadi ya fotoni ambazo molekuli moja ya rangi inaweza kutoa kwa muda huo.

Kilichobaki dhaifu kwa muda mrefu ni nguzo. Vyumba vimeonekana, kiunzi kimeonekana, lakini nguzo zilikuwa hitimisho la mantiki, lisilo na jina la protini hata moja. Mwaka 2018 Spencer Freeman, Sergio Grinstein na wenzao huko Toronto walionyesha kwamba katika makrofaji, seli za kinga zinazomeza vijidudu, CD44, protini inayopenya utando, hufanya kazi hiyo: imefungwa kwenye aktini upande wa ndani na huzuia mwendo wa vipokezi vya Fc, vile vinavyoshika kingamwili. Lakini CD44 hushika pia asidi ya hayaluroniki, molekuli ndefu ya sukari inayoufunika uso wa seli kwa nje, na katika makrofaji tabaka hilo la nje lilikuwa sehemu ya kizuizi, ilhali katika NRK na katika aina tano za seli za mwaka 2016 vitu vya nje havikuhusika. Matokeo hayo mawili yanaweza kuwa kweli yote, kila moja kwa seli zake. Kipimo kinachohitajika ni cha kufuata kipokezi kilekile, kwa rangi ileile na kwa mikrosekunde zilezile, katika makrofaji na katika NRK, kabla na baada ya kuliondoa tabaka hilo la asidi ya hayaluroniki.